Mtu Wangu Wakati wa Mvua

Mwaka jana nilirudi Bukavu kwa wiki mbili, nikafikia kwa mdogo wangu kule Nyalukemba. Siku ya tatu, tukiwa bado mezani mchana, mvua ikashuka. Wewe unaijua mvua ya kwetu, haibishi hodi. Mabati yalipiga kelele hadi mazungumzo yakakatika, kila mtu akabaki anatazama sahani yake. Mimi nikashtukia midomo yangu inacheza. Binti wa mdogo wangu akanisogelea, akaniuliza sikioni kama nilikuwa nasali. Nikamjibu kwamba nasali kidogo, lakini zaidi nilikuwa napima. Hakuelewa, na si kosa lake. Ngoja nikueleze wewe, maana wewe una subira.

Nilipokuwa mtoto tulikaa upande wa Kadutu, kwenye mteremko mkali. Ukimwaga maji ya vyombo mlangoni kwako, jirani wa chini anajua ulichokula. Ilikuwa miaka ile nchi inaitwa Zaïre. Baba na mama walikuwa Kamituga, baba akifanya kazi ya karani kwenye machimbo, na sisi mabinti wawili tuliachwa kwa bibi ili mimi nisome mjini. Mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Asubuhi nyumba ilijaa harufu ya makaa na ya sambaza, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa, na kutoka kwa jirani wa juu ilitushukia harufu ya beignets, maandazi ya kwetu, kwa sababu mama yule alizipika kabla ya jua kuchomoza, akawauzia wanafunzi zikiwa za moto, zimefungwa kwenye karatasi za daftari kuukuu. Mara nyingine nilisoma hesabu za mtoto nisiyemjua huku nikijilamba vidole. Ziwa tuliliona kipande tu, katikati ya mapaa mawili, nasi tulijivunia kipande hicho kana kwamba tumekinunua.

Mvua niliipenda zamani. Tuliweka beseni chini ya mabati, bibi akachoma mahindi, na siku hiyo hakuna aliyetumwa bombani. Halafu, nikiwa na miaka minane, mvua ya jioni moja ikachukua jiko na chumba cha mama wa beignets. Hakufa mtu. Lakini niliusikia udongo ulipoachia. Ulikuwa mshindo mzito na mfupi, kama gunia la maharagwe linapoangushwa sakafuni, kisha sauti ya mama yule akiita watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Tangu hapo, wingu jeusi likitokea upande wa ziwa, nilikimbilia ndani. Sikula. Nililala na viatu. Darasani mwalimu aliandika ubaoni, mimi nikatazama dirisha. Nilianza tena kukojoa kitandani, msichana mzima wa miaka minane, nikawa nayaficha mashuka nyuma ya ndoo.

Kila mtu alikuwa na shauri lake. Mwalimu alisema mtoto mwenye akili haogopi maji. Majirani walisema itapita. Baba alituma neno kutoka Kamituga kwamba nisali. Bibi peke yake hakuniambia nisiogope. Aliyakuta mashuka, akayafua, akayaanika, kisha akaniita karibu na kinu alipokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Woga yenye haina kazi inakula mutu," aliniambia. "Tutaipatia kazi."

Miaka ile kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Watu wengi waliifanya kwa kununa, wakikwangua majani hadi aliyetumwa kuwakagua apite. Bibi alifanya salongo ya serikali kwa saa moja, halafu akaanza salongo yake mwenyewe. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Naye alikuwa ameiona nyumba ya jirani ikinyolewa. Tulizibua mtaro uliopita juu ya nyumba, ule tuliouita rigole, kutoka barabarani hadi kwenye korongo. Tulipanga mawe pale maji yalipopenda kuula udongo. Vyeti vya ubatizo, vitambulisho, kiberiti na mshumaa aliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, akaziba kifuniko kwa nta. Kopo lilitundikwa kwa kamba kwenye msumari mlangoni, na hakuna aliyeruhusiwa kulishika kwa mchezo.

Halafu akagawa kazi. Nilitegemea nipewe kopo, kwa kuwa nilikuwa mkubwa. Akalitundika kopo begani mwake, mtoto mgongoni, akaninyooshea kidole kuelekea nyumba ya chini.

"Weye, kazi yako ni muzee. Mvua ikikuya vibaya, usibebe kitu. Beba mutu."

Mzee huyo alikuwa fundi cherehani, mjane, kiziwi kabisa. Watoto wake walikuwa Kinshasa, na mtaa mzima ulijua kwamba hawaandiki. Alishona siku nzima karibu na dirisha, koti mwilini hata kwenye joto, pini zimejaa mdomoni, na aliwachukia watu wanaomgusa ghafla. Mimi nilimwogopa karibu kama mvua.

Zoezi lilikuwa hivi. Baada ya salongo, jua likiwaka vizuri, bibi alisimama mlangoni akapiga kelele: "Mvua!" Majirani walicheka hadi kushika mbavu. Mimi nilishuka ngazi za udongo, nikaingia kwa fundi kupitia jikoni, nikamvuta mkono wa koti mara mbili. Hiyo ndiyo alama fundi aliyokubaliana na bibi kwa ishara. Kisha nilimshika mkono tukapanda, si kwa njia ya kawaida, bali ubavuni mwa mlima hadi kwenye kapela, kanisa dogo lililojengwa juu ya mwamba. Saa hatukuwa nayo. Bibi alipima kwa Salamu Maria, akizisema kwa mwendo wa rozari, bila kukimbiza. Mara ya kwanza tulifika kwenye ya ishirini na sita, kwa sababu fundi alitaka kwanza amalize pindo, kisha atafute kofia.

"Ishirini na sita!" bibi akasema. "Muko bafu kitambo." Yaani tumeshakuwa wafu zamani.

Tulirudia kila Jumamosi. Ishirini. Kumi na saba. Fundi alianza kuitundika kofia karibu na mlango. Mimi nilijifunza ni ngazi gani inateleza na ni mti gani wa kushika. Mama wa beignets, aliyekuwa amejengewa tena upande wa pili, aliacha kucheka akaomba naye apewe mtu wake, akapewa mama mmoja mja mzito wa pale jirani. Siku tuliyofika kwenye ya kumi na mbili, fundi alitoa pini mdomoni, akacheka kwa sauti asiyoisikia mwenyewe, akanipa kitambaa chekundu cha kufunga nywele.

Na mimi? Nakuambia kweli, sikugundua siku gani nilianza kula tena. Wingu lilipotokea, bado niliogopa, lakini mara moja miguu ilianza kuzipitia ngazi zile kichwani, mkono ukatafuta koti la fundi, na woga ukakuta nafasi yake imeshachukuliwa. Nilivua viatu, nikaviweka mlangoni, nikalala. Asubuhi mashuka yalikuwa makavu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mwezi wa kumi na moja ilisemwa kwamba mkubwa fulani kutoka Kinshasa atapita kwenye barabara ya juu. Salongo ikaitwa katikati ya wiki, shule zote zikatolewa. Tulifagia, tulipaka mawe chokaa, tuling'oa majani hadi barabara ikang'aa. Lakini takataka zile ziende wapi? Mwalimu alitazama huku na huku, akaona mtaro. Ulikuwa upande wa chini ya barabara, gari likipita hauonekani. "Sukumeni mule," alisema, "haraka, bako njiani." Tukasukuma majani, udongo, na migomba iliyokatwa. Nilijua mtaro ule unakwenda wapi. Nilisimama na fagio langu kwa muda mfupi, mwalimu akanitazama, nikasukuma na mimi. Jioni sikumwambia bibi. Na yule mkubwa, usiniulize, hakupita.

Siku ya pili, kama saa tisa mchana, mvua ikaja. Bibi alikuwa akionja chumvi kwenye sombe. Maji hayakupita mtaroni. Yalishuka moja kwa moja kwenye njia, mekundu, yamebeba yale yale majani niliyoyasukuma. Bibi aliweka mwiko chini. Safari hii hakupiga kelele.

"Mvua," alisema taratibu. "Enda kwa mutu wako."

Nikashuka. Ngazi mbili zilikuwa zimeshaondoka. Niliingia kwa fundi kupitia jikoni, maji yakinifika vifundoni, nikamvuta koti mara mbili. Alikuwa anashona gauni jeupe la komunyo ya kwanza, miguu yake juu ya kikanyagio cha cherehani, mgongo wake kwa mlango. Alinitazama, akatabasamu, akatikisa kidole.

"Leo haiko samedi!" alisema, yaani si Jumamosi, na akaendelea kushona.

Hebu fikiria. Tulikuwa tumefanya zoezi vizuri hadi akaamini kwamba mvua ina siku yake. Nilimvuta tena. Akanisukuma kwa upole. Nilipiga kelele kwa mtu asiyesikia, nikalia, na udongo wa ukuta wa nyuma ukaanza kudondoka vipande vipande. Ndipo nikainama, nikachota tope sakafuni kwa mikono miwili, nikalimwaga juu ya gauni lile jeupe.

Aliruka kwa hasira, mkono juu tayari kunipiga. Miguu yake ikatua majini. Akaangalia chini, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Hakutafuta kofia. Akanipa mkono wake, nami nikaanza kuhesabu kwa sauti, Salamu Maria, huku tukipanda ubavuni, yeye akiteleza na mimi nikishika miti niliyoijua. Tulipofika kwenye ya tisa nilisikia nyuma yetu ule mshindo wa gunia. Sikugeuka. Kwenye ya kumi na nne nilishika ukuta wa kapela.

Bibi alikuwa pale, mtoto mgongoni, kopo begani, na mama wa beignets na yule mama mja mzito aliyepewa. Alinivuta, akanibana kifuani, nikahisi mwili wake wote unatetemeka. Nilikuwa nimeamini kwamba bibi haogopi kitu. Siku hiyo nilijua kwamba yale mazoezi yote hakuyafanya kwa ajili yangu tu, nami nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote.

Ukuta wa nyuma wa fundi ulikuwa umelala juu ya kiti chake. Nyumba yetu ilipona, jiko tu lilijaa tope, na sombe ikaliwa na mlima. Palepale kapelani nilimwambia bibi habari ya mtaro. Nilingoja kofi. Akasema, "Kesho tunazibula." Asubuhi tulipofika barabarani tulimkuta mwalimu ametutangulia, suruali imekunjwa, peke yake, akitoa migomba kwa mikono. Hakunitazama, nami sikumtazama. Tulifanya kazi hadi saa sita.

Fundi alikaa kwetu miezi miwili. Cherehani na gauni vilichimbuliwa, cherehani ikasafishwa kwa mafuta ya taa, naye akawa anashona barazani na kulalamika kwamba bibi anaweka chumvi nyingi. Gauni la komunyo alilifua mara tatu, na mtoto alilivaa.

Wote wameshakwenda sasa, bibi, fundi, hata mama wa beignets. Mvua ile ya mwaka jana ilipokatika, nilimwomba mdogo wangu anisindikize Kadutu. Yeye hakumbuki kitu, alikuwa mgongoni. Mteremko sikuutambua. Nyumba zimepandana, hakuna pa kukanyaga, na pale mtaro ulipopita mtu amejenga vyumba viwili. Mama mmoja kijana alikuwa mlangoni akikamua nguo. Alitutazama kwa wasiwasi.

"Maman, banawatuma juu ya kubomoa?"

Nikamwambia hapana, hatukutumwa kubomoa nyumba ya mtu, nilikuwa nakaa hapa nikiwa mtoto. Akatulia. Akatoa stuli, akapangusa maji kwa khanga, akanikaribisha nikae. Tuliongea habari za bei ya makaa, habari za shule. Kisha akatazama mbinguni, na nikamwona analitafuta wingu upande wa ziwa jinsi nilivyokuwa nikilitafuta mimi.

"Na nyie zamani, mvua mulikuwa munaiogopa?"

"Sana," nikamwambia. "Lakini kila mmoja alikuwa na mtu wake." Nikamweleza, kwa ufupi kuliko nilivyokueleza wewe. Alisikiliza hadi mwisho, nguo imening'inia mkononi. Kati ya mlango wake na mlango wa jirani hapakuwa na hata hatua mbili. Ndani kwa jirani mtu alikuwa akikohoa, kikohozi cha kizee.

"Nafika mwaka ya tatu hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Ule mwenye anakohoa, hata jina yake sijue."