Madoa meupe kwenye vioo vya gari la ofisi

Nawaomba, marafiki, hata neno moja la hapa lisimfikie mtu mwingine.

Leo asubuhi mkubwa wangu kazini alinipa siki na kitambaa.

"Kemunto, sugua vioo vya gari la ofisi. Mvua imevichafua."

Mvua gani? Hapa Nyamira magari tunayaosha kwa maji ya mvua, na hayaachi doa.

Madoa haya yalikuwa meupe na magumu kama chokaa. Nimeyaona kwa shangazi yangu kule ziwani, wanakoosha magari kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Nikamuuliza, "Si gari lilikuwa hapa uani wikendi yote?"

"Lilikuwa hapa. Na funguo huwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi ukiulizwa, sema hivyo hivyo, mama."

(Funguo alizichukua mwenyewe mkononi mwangu Ijumaa. Hakuna aliyetuona.)

Nimesugua vioo vyote, isipokuwa kile kidogo cha nyuma.

Mngekuwa mimi, mngekisugua?

Msijibu hapa, wala msipige simu ofisini. Sabato nitakuwa kanisani Sironga, benchi la mwisho karibu na mlango. Njooni mnisalimie kama kawaida.