Namba ni Ile Ile

Wazir Obeid wa Langoni hujiita Injinia. Hakuna aliyempa jina hilo. Alilichapisha mwenyewe kwenye fulana, mbele na nyuma, asije mtu akampita bila kujua. Kabla ya hapo aliuza vifuniko vya simu karibu na gati, na kabla ya hapo alikuwa fundi wa televisheni, zikitoka kwake na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Leo ndiye mpiga kinanda wa nusu ya arusi za kisiwa hiki, na mimi Huwaida, mwimbaji kwa miaka ishirini na minane sasa, ndiye niliyeandikiwa kuimba naye.

Baina yetu kuna pazia. Shughuli zetu ni za wanawake, na mwanamume mpigaji hukaa nyuma ya kitambaa na vyombo vyake. Wapigaji wa zamani waliisoma shughuli kwa masikio tu. Vigelegele vikipungua, hubadilisha mwendo. Wanawake wakinyamaza, hujua bibi arusi katoka. Wazir huvaa hedifoni, akakodolea kompyuta. Ukumbi ukiwaka moto, yeye atapata habari siku ya pili.

Na kinanda chenyewe si kinanda. Ni programu ndani ya kompyuta, ina sauti ya fidla, ya udi, ya ganuni, na kila sauti ina vitufe vya kuipamba: mwangwi kiasi gani, mrudio kiasi gani. Mtu mwenye sikio husogeza kitufe taratibu mpaka aseme hapo, basi. Wazir ana daftari la shule. Fidla arubaini, udi sitini, zumari tisini. Akishaandika haulizi tena.

Maishani mwake amefanya jambo moja la maana, na hilo pia nilimshurutisha mimi. Bwana Barka wa Matondoni alikuwa mpiga zumari ambaye sijasikia wa kumfikia. Kifua kilipoanza kumshinda, nilimburura Wazir mpaka kwake, na kwa siku tatu Bwana Barka akapuliza sauti moja moja mbele ya maikrofoni, tukaziingiza kwenye programu. Mwaka uliofuata akafariki, Mungu amrehemu. Tangu hapo Wazir akibonyeza, anayetoka ni Barka mwenyewe: sauti kavu, ya karibu, na ile pumzi ndogo inayotangulia.

Mjane wake, Bi Mwanamkisi, hakubakiwa na kanda wala video, na macho yake yamefunga, haoni. Kila arusi tuliyopiga Matondoni alikuja akaketi ubavuni mwa pazia, mkono wake juu ya kitambaa, akamsikiliza mumewe. Hakuwa na pengine pa kumsikia.

Basi mwaka huu, wiki ya arusi ya mjukuu wake Asmaa, Injinia akapata toleo jipya la programu. Alikuwa na toleo la tatu, na halikumkosea kitu. Lakini la nne ni jeusi, lina vitufe vinavyong'aa, na Wazir ni mtu wa kununua kiatu kwa kupenda boksi. Akaliweka la nne, akalifuta la tatu ili apate nafasi.

"Zumari umeijaribu?" nikamuuliza.

"Nimefungua, Bi Huwaida. Kila kitu kimekuja vile vile. Tisini kwa tisini."

"Sikukuuliza tisini. Umeisikiliza?"

Akaniangalia kwa huruma, mimi mtu wa koo nisiyejua mashine. "Namba ni ile ile," akasema, akanifungulia daftari nijionee. Nikasonya, nikaenda zangu. Nilipaswa kumkalisha pale pale aipige.

Siku ya arusi, baada ya alasiri, Asmaa akatolewa, nikaanza wimbo aliokuwa akiupenda babu yake. Zumari ikaingia. Subhanallah! Ilikuwa kama mtu aliyetumbukia birikani anaita watu. Sauti ilitoka, ikarudi, ikapandana na nyingine iliyokuwa bado haijamaliza kurudi. Ile pumzi haikusikika kabisa. Wasichana wakaangua kicheko, na lile bahau nyuma ya pazia likadhani ni furaha. Likaongeza sauti.

Sababu niliijua baadaye, na inatia hasira kwa udogo wake. Katika toleo la tatu kitufe kile kilihesabu sauti yenyewe: tisini ya zumari, kumi ya mwangwi. Katika la nne kinahesabu mwangwi. Watengenezaji wake, huko waliko, walikigeuza kitufe wakanyamaza, na programu ikaibeba tisini ya zamani ikaiweka pale pale bila kujua maana yake. Nao siwasamehe. Lakini wao hawakuwapo Matondoni. Aliyekuwapo ni Wazir, na Wazir alikuwa na masikio mawili.

Bi Mwanamkisi aliuondoa mkono wake kwenye pazia. Nilipomaliza ubeti wa kwanza akanivuta leso nimsogelee.

"Huwaida, ndoo. Huyo ni Barka?"

Nikaligeukia pazia.

"Mimi ni mtu mzima, sijiamini tena. Wewe una mashikio. Nambia, ni yeye?"

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu na ubeti wa pili ulikuwa ukiningoja. Mama yake Asmaa alikuwa amenikazia macho, na simu zote zilikuwa juu zinarekodi. Ningesema hapana, ni upuzi wa Wazir, na shughuli ingesimama kidogo, tukaaibika kidogo, ikaisha. Nilisema, "Ndiye, Bi Mwanamkisi. Ndiye yeye."

Akaiachia leso yangu.

"Basi nimemsahau," akasema, akaikunja mikono yake mapajani.

Nikaziimba beti nne zilizobaki. Nilipigiwa vigelegele vingi.

Kesho yake nilimtukana Wazir mpaka nikaishiwa na maneno. Alinisikiliza, akafungua daftari, akasema namba ni ile ile. Nikamng'oa hedifoni, nikakisogeza kile kitufe mwenyewe. Zumari ikakauka, lakini bado haikuwa Barka, kwa kuwa mrudio nao ulikuwa umebadilishwa kipimo. Hapo ndipo nilipoiona sura yake ikishuka. Akasema pole pole kwamba mwalimu Faiz wa Faza alinakili kila kitu zamani, toleo la tatu na zumari yenyewe.

Tukapanda boti mpaka Faza, tukaiazima kompyuta ya Faiz. Siku ya pili tukaipeleka Matondoni, ukumbini mwa Bi Mwanamkisi, hakuna pazia wala wageni. Wazir hakuvaa hedifoni. Nampa hilo, na sitampa zaidi.

"Nisamehe, Bi Mwanamkisi," akasema. "Arusini nilikosea mimi. Hini ndiyo zumari ya Bwana Barka."

Akabonyeza. Pumzi ilitangulia, kisha sauti ikatoka, kavu, ya karibu, na mimi mwili ukanisisimka kana kwamba mzee ameingia kwa mlango wa ndani. Wazir aliupiga wimbo wote, polepole, na machozi yakimtoka. Bi Mwanamkisi aliusikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Alipokiinua, uso wake hakumgeuzia Wazir. Alinigeuzia mimi.

"Huwaida, huyu ndiye?"

"Ndiye, wallahi. Safari hii ndiye."

Akatikisa kichwa.

"Hata arusini ulinambia ndiye."