Vitabu Ambavyo Mama Mhuri Hakuvihesabu

Kitabu ambacho mwanafunzi hajakiazima kwa miaka mitatu si kitabu cha maktaba. Ni mzigo wa rafu. Kanuni hiyo aliiandika Mama Mhuri kwa mkono wake, katika kamati iliyoitwa kuweka viwango vya maktaba za shule. Wenzake walitaka vitabu vihesabiwe vilivyopangwa, rafu kwa rafu, basi. Yeye akasimama.

"Jamani, mimi nazijua shule zetu. Mkaguzi akitoka shule hii, vitabu vinamtangulia shule ya pili kwa toroli. Mwaka jana nimekutana na kitabu kimoja shule tatu. Kimechakaa kwa safari, si kwa kusomwa."

Kamati ikacheka, kisha ikakubali. Akaongeza kwamba tarehe zihesabiwe zile tu za kabla ya barua ya ukaguzi kutoka, maana walimu pia aliwajua.

Jina la Mama Mhuri alipewa na watoto, kwa sababu mhuri wa tarehe aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata akienda msalani. Maktaba yake ilikuwa kipande cha korido nyuma ya ofisi ya walimu, kilichokingwa kwa makabati mawili. Mvua ikinyesha alifunika rafu ya hadithi kwa turubai na rafu ya hisabati kwa koti lake. Watoto walisoma wamechuchumaa. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba shule itakayofikia daraja la kwanza itajengewa chumba cha maktaba, chenye madirisha na viti sitini, hakuna aliyekitamani kuliko yeye.

Vilitakiwa vitabu elfu moja na mia mbili. Alikuwa navyo elfu moja mia mbili na kumi. Lakini alipofungua majalada na kusoma karatasi za tarehe, akakuta arobaini na kimoja havijaazimwa hata mara moja: juzuu nene za sheria ya kodi na ufugaji wa nyuki wa nchi za baridi, zawadi ya mfadhili aliyekuwa anahama nyumba.

Si kwamba hakuvipigia debe. Muhula uliopita alimshawishi binti mmoja mpenda kusoma, akakaa na juzuu ya kodi palepale mezani. Kengele haijalia, kairudisha.

"Bibi, mimi nimejitahidi," alisema, "ila kitabu chenyewe hakijajitahidi."

Mama Mhuri alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Mhuri hakupiga.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Siku moja kabla ya ukaguzi alikuja na vikombe viwili vya chai, akasogeza kabati kama mtu anayefunga mlango.

"Dada, huo mhuri unarudi nyuma?"

"Unarudi. Ujana wangu tu ndio haurudi."

"Basi urudishe mwaka mmoja, uvigonge vile visivyoazimwa. Tumepungukiwa vitabu thelathini na kimoja tu. Nani atajua?"

"Wewe na mimi. Tumeshakuwa wengi."

"Usiwe mbishi! Si kanuni umeitunga mwenyewe?"

"Ndiyo maana. Mpishi akikikataa chakula chake, nani atakigusa?"

Mdogo mtu akashusha sauti. "Watoto wamechuchumaa hapa miaka kumi na minane, dada. Utawaambia nini?"

Hilo lilimwingia. Alitazama sakafu, mahali ambapo saruji ilikuwa imeng'aa kwa kukaliwa. Akaushika mhuri, akazungusha gurudumu la mwaka kwa kidole gumba. Ukarudi mwaka mmoja, kirahisi hivyo. Akautazama. Kisha akaurudisha ulipokuwa.

"Nitawaambia wanivumilie."

"Wewe ni jiwe!"

"Jiwe lililokulea. Kunywa chai, inapoa."

Watu wamezoea kudhani kanuni ni ya jirani. Tabia hiyo ndiyo iliyojaza zile toroli. Mama Mhuri alivishusha vitabu arobaini na kimoja, akavipanga sakafuni na kuweka karatasi juu yake: HAVIHESABIWI.

Kesho yake mkaguzi kijana alimwonea huruma. "Mama, hivi mbona vina majalada mazuri? Tuviingize tu."

"Soma kwanza ukurasa mmoja, mwanangu."

Kijana akasoma nusu ukurasa, akakifunga taratibu, akaandika: elfu moja mia moja sitini na tisa.

Chumba kilijengwa shule ya ng'ambo ya barabara, ambayo vitabu vyake vilikuwa vimesomwa kweli. Mdogo wake hakumletea chai mpaka muhula ulipoisha. Siku ya kwanza ya muhula uliofuata alikuja na vikombe viwili, akakaa juu ya juzuu za nyuki, wakanywa bila kuligusia jambo lile.

Mama Mhuri alistaafu miaka mitano baadaye, koti lake likiwa bado juu ya rafu ya hisabati. Kanuni yake ilimgharimu madirisha, viti sitini, na muhula mzima wa chai ya mdogo wake.