Ukwato Usiopasuka Katika Rweya ya Kituntu

Kabla sijaanza, nitazameni vizuri. Mimi ni bikizee wa misa ya kila Jumapili, na rozari yangu imelika shanga kwa kushikwa. Mtu wa umri wangu hatafuti tena sifa, anatafuta njia ya kwenda salama kwa Mungu wake. Ningekuwa mjinga kiasi gani kuianza safari hiyo na uongo mgongoni? Basi haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa macho kabisa, nimekunywa uji na sijaonja rubisi, pombe yetu ya ndizi, hata kwa ncha ya ulimi. Ukiamini, sawa. Usipoamini, nitakuombea tu.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa msichana niliyemaliza mafundisho ya Kipaimara, na tuliishi Kituntu katika kibanja cha migomba na kahawa kama watu wote. Baba yangu, ambaye sisi tulimwita Tata, alikuwa mwebugaji. Wageni wa huku huenda hamjui kwebuga. Ni hivi: mgeni wa heshima akifika, mwanamume husimama mbele yake, mkuki mkononi, akatamka matendo ya ushujaa kwa mistari ya mbio, kila mstari kwa pumzi moja. Mstari ukiisha, watu huitikia, "Eee!" Akikosa pumzi, wanamcheka hadi wajukuu wake.

Lakini pumzi si kitu. Kuna sheria moja nzito kuliko pumzi. Humsifu mtu usiyemwona. Katika ukoo wetu, mwebugaji akimaliza mistari ya kwanza, mzee mmoja huinuka na kumwuliza, "Ulimwona?" Ajibu kwa kinywa chake kwamba alimwona, na aonyeshe ishara. Akishindwa, mkuki huondolewa mkononi mwake mbele ya watu, unakwenda nyumba nyingine, na majina ya sifa ya nyumba ile yanakufa. Tangu siku hiyo hakuna anayeyatamka tena, ni kama watu wale hawakuzaliwa.

Mwaka huo tulimaliza kujenga kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, na Padri wetu, Mfaransa mwenye ndevu nyekundu na pikipiki inayokohoa, alikiweka chini ya Mtakatifu Yoana. Alikuwa mtakatifu wa kwao. Alitusimulia habari zake tukiwa tumekaa chini: msichana mchunga kondoo aliyesikia sauti za mbinguni, akavaa nguo za vita, akapanda farasi akiwa na bendera, akaukomboa mji uliozingirwa kwa ajili ya mfalme wake, kisha akachomwa moto na watu waliomwita mchawi. Alituonyesha picha yake, ndogo kama kiganja. Siwezi kueleza ile picha ilinifanya nini. Wenzangu walirudi nyumbani wakizungumza habari za farasi, maana hatukuwahi kumwona mnyama huyo. Mimi nilirudi na mistari ikinigonga mbavuni. Nilipalilia nikiitunga, nikamenya ndizi nikiitunga. Mama akasema, "Huyu mtoto amepata homa."

Tata alikuwa amemwahidi Padri kwamba siku ya kubariki kigango, mbele ya mkuu wa gombolola, mtawala wa eneo letu, atamwebuga Mtakatifu Yoana. Kisha ugonjwa wa koo ukamshika. Sauti iliyokuwa ikisikika ng'ambo ya bonde ikawa kama majani makavu ya mgomba yakisuguana. Na hakuwa na mtoto wa kiume.

Baba yangu mdogo, Bernardo, alikuja kumwona akiwa amevaa koti lake la sikukuu.

"Kaka, pole. Mkuki nitauchukua mimi. Usiwe na wasiwasi."

"Nitasimama mimi," nikasema toka jikoni, na sijui nani aliyenisukuma.

"Wewe? Tangu lini mtetea akawika?"

Shangazi Paulina, dada yao, alikuwa akipembua maharage mlangoni. Hakuinua hata macho. "Bernardo, jogoo wetu amekauka koo. Tukikungoja wewe utuamshe, tutalala mpaka mchana."

"Sawa," akasema baba mdogo, na uso umemwiva. "Asimame. Ila mzee wa kuuliza ni mimi. Nitamwuliza kama nilivyowauliza wanaume."

Alipoondoka, nilimtamkia Tata mistari yangu yote. Alifumba macho, akawa anagonga mpini wa mkuki kwa kidole, kila mstari pigo moja. Mwishoni machozi yalimtoka. Kisha akanivuta karibu akanong'ona, "Mwanangu, ni mizuri. Lakini hukumwona."

Mnaelewa shida yangu? Ningesema uongo kanisani, siku ya kubarikiwa kanisa? Au ninyamaze, na jina la Tata lizikwe akiwa bado hai analisikiliza?

Siku moja kabla ya sikukuu, wasichana tulipelekwa rweyani, yaani kwenye mbuga ya majani juu ya kilima, kukata nyasi laini za kutandika sakafu ya kigango, kama tunavyotandika nyumbani mgeni akija. Ilikuwa mwisho wa masika. Ukungu ulikuwa mzito hata mundu wangu mwenyewe niliuona nusu. Niliwaacha wenzangu wakiimba, nikasogea mbali ili nilie kwa raha. Nilikuwa nimebeba kaa la moto ndani ya maganda makavu ya mgomba, nikawasha kimoto kidogo, jambo tulilokatazwa ili malisho yasiungue. Nikaota mikono. Kisha, badala ya kulia, nikauinua mundu kama mkuki, nikaanza kwebuga kuelekea ukungu.

Mstari wa kwanza ulipoisha, ukungu uliitikia, "Eee!"

Nikatamka wa pili, kwa woga tu, maana kinywa kilikuwa kimekwisha kuanza. "Eee!" Sauti ya msichana.

Akatokea. Alikuwa rika langu, nywele zimekatwa juu ya masikio kama mvulana, amevaa nguo za kiume za kubana, za rangi ya majivu, zimelowa. Nyuma yake, ndani ya ukungu, kitu kikubwa kilikuwa kikipumua. Nilidhani ni ng'ombe, lakini pumzi zilitoka juu mno, na palikuwa na mlio wa chuma.

"Shikamoo," nikasema.

Akacheka. "Mbona unaniamkia kama bibi yako?" Alisema Kinyambo, lugha yetu, ila kwa lafudhi ya mbali, nikadhani ni mtu wa ng'ambo ya mto. Siku hizi nikifikiri, naona ile shikamoo haikupotea bure.

Nikakumbuka moto, nikashika nyasi mbichi niuzime asije akanisemea. Akainua mkono.

"Uache uwake. Mimi na moto tunajuana."

Akachuchumaa upande wa pili, hakuukaribia sana, hakuukimbia pia. "Unamwebuga nani?"

"Mtakatifu wa kigango chetu. Lakini kesho wataniuliza kama nilimwona, na sitasema uongo. Mkuki utaondoka kwetu."

"Sasa kwa nini usimame, kama unajua watakunyang'anya?"

"Tata hana mtu mwingine."

Akautazama moto. "Mimi pia waliniuliza niliona nini. Wazee wengi, wenye mavazi mazuri. Wakauliza, wakageuza, wakauliza tena."

"Ukawajibu nini?"

"Nilichoona." Alisema kama mtu anavyosema maji ni baridi. "Hebu rudia ule mstari wa ukuta."

Nikarudia. Nilikuwa nimetunga kwamba alipanda ukuta wa mji bila kuumia, mishale ikimkimbia kama inzi. Akatikisa kichwa.

"Niliumia. Hapa." Akaweka kidole kati ya shingo na bega. "Na nililia. Liweke hilo. Kisha nikarudi ukutani. Shujaa asiyelia ametungwa tu."

Niaminini, ndipo nilipoelewa. Si kabla. Nikataka kusali na sala zote zikanitoka kichwani, hata Salamu Maria. Yeye alikwisha kusimama. Alinitazama kama dada anavyomtazama mdogo wake aliyefungasha mzigo vibaya, akaingia ukunguni. Nikasikia chuma, nikasikia kishindo cha miguu minne, si mwendo wa ng'ombe wala wa mbuzi. Kikaenda, kikaisha. Moto wangu ulikuwa ukiwaka wima ingawa upepo ulivuma.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Kesho yake kigango kilijaa mpaka nje. Tata aliletwa kwa machela, akalazwa karibu na mlango. Misa ilipokwisha, watu walitoka uwanjani, mkuu wa gombolola akakaa kwenye kiti na Padri kando yake. Nikatwaa mkuki. Wanaume walinung'unika, mmoja akaniuliza kama nimeupoteza mwiko wangu wa jikoni. Nikavuta pumzi.

"Mimi Niliyeona, nilisimama rweyani ukungu ukiwa umefunga malango!
Nywele alizikata, ahadi hakuikata!
Mji ulizibwa kama mtungi, akauzibua kwa bega lake!
Mshale ulimpata shingoni, akalia, akarudi ukutani na machozi yake!"

Watu waliitikia, kwanza wanawake peke yao, kisha wote. Padri aliinua kichwa ghafla. Na baba mdogo akainuka.

"Ulimwona?"

Nikausimika mkuki ardhini.

"Nilimwona. Jana asubuhi, rweyani."

Vicheko vililipuka. Baba mdogo alinyoosha mkono auchukue mkuki. Lakini Padri alikuwa amesimama, na uso wake haukuwa na kicheko.

"Binti, nani alikuambia kwamba alilia?"

"Yeye, Padri."

"Mimi sikuwafundisha hilo. Wala jeraha la shingoni sikuwafundisha. Na ni kweli."

"Maneno hupeperuka, Padri, huenda ameyaokota mahali," akasema baba mdogo. "Sheria yetu inataka ishara."

"Twende basi," nikasema.

Tukaenda, umati mzima, machela ya Tata ikiwa mbele. Mahali pa moto palikuwa peusi, na kando yake, kwenye udongo laini, nyayo zilikuwa wazi. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mtoto wa huku anazijua kwato kabla hajajua herufi. Ukwato wa ng'ombe umepasuka kati, wa mbuzi umepasuka, wa swala umepasuka. Huu ulikuwa mzima, mviringo, mkubwa kama sahani.

Baba mdogo aliinama, akainuka kwa furaha. "Punda milia! Wamejaa kule mbugani. Mmetuchosha miguu kwa punda milia!"

Padri alipiga magoti matopeni na kanzu yake nyeupe ya sikukuu. Alipitisha kidole pole pole kwenye ukingo wa unyayo. Alikuwa mtoto wa wakulima, alituambia baadaye, na baba yake alilima kwa farasi.

"Bernardo, njoo. Unaona ukingo huu? Ni chuma. Na hivi vitundu ni misumari." Akamtazama usoni. "Punda milia wa kwenu hupigiliwa viatu na nani?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi Paulina akafanya ishara ya msalaba. Baba mdogo alikaa akiutazama unyayo ule muda mrefu, kisha akavua kofia. Akanigeukia, nami nikajikaza nikidhani atauchukua mkuki. Aliushika, akaupangusa mpini tope kwa koti lake la sikukuu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Malizia, mwanangu. Mtakatifu asiondoke na sifa nusu."

Nikamalizia palepale kilimani, jua likipasua mawingu. Nilisema yote, bendera, mji, mfalme aliyemsahau. Na mstari wa mwisho ulikuwa huu: "Walimwasha wakidhani wanamzima!" Kilima kizima kikaitikia. Juu ya sauti zote ilitoka moja, nzito, iliyopasuka, ya mtu aliyesemekana hana sauti tena. Tata alikuwa amejiinua kwenye machela kwa viwiko. "Eee!" Sauti hiyo haikumrudia tena baada ya siku hiyo. Alikufa kabla ya kahawa kukauka kwenye mikeka, amelala kama mtu aliyelipwa ujira wake wote.

Padri hakunikataza kusimulia, wala hakuniruhusu kuapa. Alisema, "Kanisa lina subira, nawe uwe nayo." Nimekuwa nayo hadi mvi hizi. Mvua ilifuta nyayo, lakini hadi leo ng'ombe wakipelekwa kule hupazunguka mahali pale, hawapakanyagi. Nendeni mkaone. Mkuki uko ukutani kwangu. Wasichana wameujia kutoka Kibingo, kutoka Bugomora, sasa baadhi yao ni mabibi, na kila mmoja ametunga mistari yake ya Yoana, hakuna inayofanana na ya mwenzake. Mmoja alimwona katika mama aliyevuka mto uliofurika na mtoto mgonjwa. Namwuliza kila mmoja swali lile lile, na asiye na jibu namrudisha akapalilie kwanza.

Sasa nawaonya. Msiende rweyani kumtafuta. Wapo waliokwenda, wakapata mafua. Na usimsifu mtu kwa masikio matupu, maana ipo siku atasimama mbele yako akurekebishe mstari. Lakini ikitokea umeitwa kusimama, na mbele yako watu wanacheka, na mkononi una kimoto chako kidogo ulichokatazwa, usishike nyasi mbichi. Uache uwake.