Sebule ya Neti ya Samiha

Samiha alikuwa mshona mapazia wa Gongo la Mboto, mwanamke mwenye kicheko kinachovuka ukuta. Majirani hawakuhitaji kubisha hodi kujua kama yuko nyumbani. Mumewe, Matar, aliuza vifaa vya ujenzi dukani kwake palepale barabarani. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kulala porini, mpaka binti yao mkubwa, Aya, alipojiunga na skauti shuleni na kuanza kuusifia msitu asubuhi na jioni. Matar akachoka kusikia, akanunua hema.

Safari ya kwanza, kwenye vilima vya Pugu, iliwashinda. Jua lilipoanza kuzama, mbu walishuka kama watu waliopelekewa kadi za mwaliko. Baba, mama na mabinti watatu wakakimbilia ndani ya hema la watu watatu, wakakaa magoti kwa magoti, sinia la pilau likiwa mapajani kwa Matar. Ukinyoosha mkono kuchukua tonge, kiwiko kinamwingia mwenzako jichoni.

"Mama Aya," Matar akasema, "hili si hema, ni soksi."

Samiha akacheka mpaka hema likatikisika. Lakini waliporudi nyumbani, asubuhi yake wakamkuta kaketi sakafuni na mkasi wake.

"Hema ni la kulala tu," akawaambia. "Sie tunachokosa ni sebule."

Basi akashona sebule. Kuta zote neti ya chandarua, paa turubai jepesi, mlango wa zipu ndefu, na upindo mpana wa kulala chini ili mdudu asipate pa kupenya. Matar akaleta mabomba ya plastiki kutoka dukani, wakayaunga yakawa nguzo. Walipoijaribu uani, jirani aliyekuja kuomba chumvi aliingia, akakaa, akasahau chumvi.

Likizo ya Juni wakarudi Pugu. Sebule ikasimama mbele ya hema, mlango kwa mlango. Jiko wakaliweka nje, mbali, maana neti na moto havipatani. Ndani wakatandika mkeka, wakapanga viti. Samiha akasimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nazunguka! Jamani, mnaniona? Nazunguka na siligusi jicho la mtu!"

Kumbe walikuwa wamesahau kufunga kamba. Upepo ukapanda kutoka bondeni, ukaingia chini ya turubai, na sebule ikainuka ikamwacha Samiha na viti vyake. Matar akadaka nguzo moja. Sebule ikaondoka naye. Akawa anakimbia mtelemko, kanzu inapepea, anapiga kelele, "Shikeni! Shikeni!" Samiha alitaka kumfuata, lakini kicheko kilimkata miguu, akaketi kwenye nyasi akijifuta machozi.

Chini kidogo walikuwa wamepiga kambi Ansbert na mkewe Demetria, walimu wa Ukonga, wenyeji wa Bukoba. Ansbert akairukia nguzo ya pili, na sebule nzima ikatua juu yao watatu, ikawafunika kama mkungu wa ndizi unaosubiri kuiva.

"Karibu, shemeji," Demetria akasema kutoka ndani ya neti. "Mie naitwa Demetria. Unatembeaga na nyumba?"

Samiha alipofika alikubaliana nao: sebule isimame hapohapo, na familia yake ihamishie hema lao hapo jirani. Safari hii kila nguzo ilifungwa kamba. Jioni ilipoingia, mbu walijaa nje wakipiga honi, na ndani watu saba wakala wakiwa wamenyoosha miguu. Demetria akafungua kopo la senene wa kukaanga. Matar akachungulia ndani ya kopo.

"Wadudu wa nje tumewafungia mlango, hawa tunawapa sahani?"

Akaonja mmoja. Akavuta kopo zima. Aya akafungulia singeli kwenye simu, na Samiha akacheza na Demetria mpaka nguzo zikayumba. Ansbert, aliyeapa kwamba hachezagi, alicheza na kiti.

Walipovunja kambi, Demetria alifuatana nao hadi Gongo la Mboto kuchagua turubai la sebule yake mwenyewe. Akachagua la njano. Samiha akampa mkasi akate mwenyewe. Akakata upande mmoja mrefu kuliko mwingine, wakacheka hadi wakaishiwa pumzi, wakaushona hivyohivyo.