Mikono ya Mama kwa Sekunde Moja

Mtaani wanamwita dada yangu Usicheke, maana ndilo neno analomwambia kila anayekuja kupiga picha ya pasipoti. Ana studio ya chumba kimoja: pazia jeupe, kigoda, taa mbili, na miaka kumi na tisa ya kuwakaripia watu wakae wima. Hasira zake ziko karibu, kama zangu. Tumezirithi kwa Mama.

Mama ameshona kola za mashati kiwandani miaka thelathini na moja. Mwaka jana mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja sindano ya cherehani ikampenya kidole, ikatokea upande wa pili. Msimamizi akamfunga kitambaa, akamwambia aache kujidekeza. Daktari akaandika kwamba asirudi tena kwenye mashine, astaafishwe kwa ugonjwa. Kamati ya mafao ikataka barua hiyo pamoja na picha inayoonyesha tatizo. Kamati haimwoni mtu, inaona faili.

Picha tu? Tulicheka. Usicheke alimketisha Mama kwenye kigoda, mikono mbele. Alipoona mikono inacheza, vidole vyake vikafanya vilichozoea kufanya mbele ya watoto wasiotulia: akapandisha kasi ya shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, hadi sehemu ya elfu moja ya sekunde, ili kila mtikisiko ugande. Picha ikatoka safi, hata mikunjo ya vidole unaihesabu. Akajisifu, nami nikamsifu.

Baada ya wiki tatu faili likarudi. Walikuwa wameandika kwamba mikono inaonekana imetulia, arudi kwenye mashine Jumatatu.

Usicheke alisoma mara mbili, akaketi sakafuni. "Mimi ndiye niliyeituliza," alisema. Kisha akaanza kutukana. Alianza na kamati, akaja kwa msimamizi, akanipitia na mimi niliyekuwa nimesimama tu mlangoni, akaishia kwake mwenyewe, na hapo ndipo alipokaa muda mrefu zaidi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi sikumlaumu. Nilikasirikia hao wenye kuamini karatasi kuliko sindano iliyopita kwenye nyama ya mtu. Hasira hasara, watu husema. Waliosema hivyo hawajawahi kurudishiwa faili.

Ijumaa asubuhi alisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akairekebisha ili shata ikae wazi sekunde moja nzima. Mwanga wa sekunde nzima ungeifanya picha yote kuwa nyeupe, kwa hiyo akabana tundu la lenzi hadi mwisho na kuzima taa moja. Akamwegemeza Mama kichwa ukutani, kando ya kalenda.

"Mama, usipumue. Mikono iache ifanye inavyotaka."

Shata ikafunguka, tukangoja, ikajifunga. Uso wa Mama ulitoka wazi, na mabega, na kola ya gauni. Kwenye mapaja, mahali pa mikono, palikuwa na ukungu tu.

Tulikwenda nayo mimi na dada hadi ofisi ya kamati, Mama akabaki nyumbani. Karani aliitazama picha, akairudisha kwa ncha ya kidole. Alisema imetikisika, tulete iliyo wazi.

Niliona shingo ya dada ikivimba. Nikamshika mkono, akauchomoa.

"Kaka, hesabu vifungo vya gauni lake," alimwambia karani taratibu. "Ukimaliza, nisomee tarehe za kalenda iliyo nyuma yake. Halafu niambie ni nini kilichotikisika hapo."

Karani alihesabu. Nilimwona akihesabu, midomo ikicheza. Akaichukua picha, akaingia chumba cha ndani ambako kamati ilikuwa imekaa. Tulingoja saa mbili kwenye benchi. Alitoka na barua yenye muhuri: astaafishwe. Hakuna aliyetuambia hata samahani, na mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Nyumbani Mama aliisoma barua, akashukuru, kisha akaomba aione hiyo picha iliyomtetea. Alipoishika ilipepea mkononi mwake asiweze kuona kitu, ikabidi dada amshikie. Mama aliinama kuitazama.

"Kumbe hivi ndivyo mnavyoniona," alisema. "Mimi nilikuwa bado naona vidole."

Usicheke aliishusha picha. Safari hii hakuwa na wa kumtukana.