Damu Yangu Ilipomkataa Mume Wangu

Wapendwa, nasimama mbele yenu na figo ya kaka yangu tumboni, na sioni haya kusema. Zamani nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nilikuwa nauza viazi soko la Gakoromone, na nikirudi nyumbani Ruiri bado nakamua ng'ombe.

Kisha miguu ikavimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Chakula chote nikawa natapika, mkojo ukapungua na kutoa povu, mwili ukaniwasha, nikajikuna mpaka damu ikatoka. Hospitalini Nairobi wakaniambia figo zote mbili zimekufa. Nikawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Mume wangu, Baba Kendi, akasema, "Huyu nilimlipia mahari. Figo nitatoa mimi." Maabara wakachanganya damu zetu, na yangu ikaziua seli zake.

Daktari akatueleza. "Mama, kila mtu hurithi alama za seli zake kwa wazazi, na askari wa damu wana vipokezi vya kuzitambua. Ulipobeba watoto wa mzee, askari wako walizijua alama zake. Figo yake wataivamia. Leta ndugu wa tumbo moja."

Nawaambia ukweli, hata katika ugonjwa ule nilijivunia. Kumbe ndani yangu kulikuwa na jeshi, na wanangu ndio walilifundisha!

Lakini Baba Kendi akagoma. "Niende kwa wakwe kuomba tena? Watasema nimeshindwa kukutunza." Maji yakanijaa kifuani, nikawa siwezi hata kulala chali. Niliogopa sana kufa.

Asubuhi moja akafunga miraa kwa majani ya ndizi, kama alivyofanya akinichumbia, akaenda kwetu Githongo. Baba yangu akashangaa. "Si msichana tulishakupa?"

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kumwomba tena. Huyo huyo."

Akawaeleza habari ya figo. Kaka yangu Kirimi akainuka. "Wacha mimi nipimwe. Hiyo miraa mtakula nikirudi na dada yangu."

Kirimi alifaa. Baada ya upasuaji nilikojoa mpaka mfuko ukajaa, na nesi akapiga makofi. Mpaka leo nameza dawa za kuwatuliza wale askari wangu, maana bado ni wakali.

Namshukuru Mungu, na Kirimi. Nyinyi wenye wagonjwa, pelekeni jamaa wote wapimwe, msichague kwa heshima ya ukoo. Na nyinyi wanaume, kumwombea mke uhai si aibu. Wangu alienda kuomba. Mnamwona pale nyuma, ameinamisha kichwa kwa haya? Yule ni mume wangu.